Malé: Msikiti wa Matumbawe na Swafu za Mshazari

Ipo miji ambayo mgeni huhitaji siku kadhaa kuizunguka. Malé, mji mkuu wa Maldivi, si miongoni mwa hiyo. Familia iliyodamka inaweza kukikata kisiwa hicho kwa miguu kabla jua halijawa kali, na kila upande itaishia baharini.

Nasi tulifanya hivyo, mimi, mama watoto na wanetu wawili, baada ya kustaftahi kwa mas huni: jodari aliyechanganywa na nazi iliyokunwa, vitunguu na pilipili, akaliwa kwa chapati. Watoto walisema hicho ni chakula cha pwani yetu kilichopewa jina geni.

Tulianzia kwenye kaburi la Abu al-Barakat Yusuf al-Barbari, ambaye wenyeji wengi humkumbuka kuwa ndiye aliyewafikishia Uislamu mwaka 1153. Karne mbili baadaye alifika Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alikuwa amezuru Mombasa na Kilwa. Maldivi walimpa ukadhi.

Ng'ambo ya barabara upo Hukuru Miskiy, Msikiti wa Ijumaa wa kale, uliojengwa mwaka 1658 katika enzi ya Sultani Ibrahim Iskandar wa Kwanza. Kuta zake ni matumbawe yaliyokatwa baharini yakiwa mabichi na laini, yakachongwa nakshi, kisha yakakauka na kuwa magumu. Mafundi wa Kilwa nao walitumia jiwe la namna hiyo katika mihrabu na milango yao. Uani yamejaa makaburi: mawe ya wanaume yamechongoka juu, ya wanawake yameviringika.

Ndani, kijana wangu alininong'oneza: "Baba, mbona swafu zimekaa mshazari?" Kweli, waumini hawaelekei ukuta wa mbele, bali pembe ya jengo. Husemwa kwamba msikiti ulisimamishwa juu ya misingi ya hekalu la kale iliyoelekea magharibi, ilhali kibla cha Malé kiko kaskazini-magharibi. Jengo likaachwa lilivyo, na waumini wakageuka. Tukaswali rakaa mbili, mabega yetu yakiwa hanamu na ukuta.

Alasiri tulitembea hadi ufukwe wa kusini. Hapakuwa na mchanga, bali mapande ya zege yenye miguu minne, yamepangwa kama askari. Mji ulipopanuka, mwamba wa kando ulichimbwa matumbawe ya kujengea, na sehemu yake ikafukiwa ili kupata ardhi. Kinga ya asili ikadhoofika. Mwaka 1987 mawimbi makubwa yaliingia mjini, ndipo ukuta huu ukajengwa kwa msaada wa Japani. Sehemu kubwa ya nchi haizidi kimo cha mita moja na nusu juu ya bahari, nayo bahari inazidi kupanda.

Niliwaeleza watoto kwamba jiwe lililojenga msikiti tuliouhusudu asubuhi ni lile lile lililokuwa likikilinda kisiwa. Binti yangu akauliza: "Basi walikosea kujenga?" Mama yake akamjibu: "Msikiti mmoja haumalizi mwamba, mwanangu. Mwamba humalizwa na wasiojua kusema yatosha."

Jibu hilo nimerudi nalo nyumbani, kwani nasi tuna miamba yetu. Wapo wanaochoma matumbawe kupata chokaa, na wapo wanaovua kwa baruti, wakiubomoa ukuta ambao Mwenyezi Mungu aliujenga bila kututoza senti. Hatuna hakika kama atatokea wa kutujengea mwingine wa zege.

Mwenye uwezo wa kusafiri na aipeleke familia yake Malé. Asiye na uwezo, awapeleke watoto kwenye msikiti wa kale wa pwani ulio karibu naye, waliguse tumbawe ukutani, kisha washuke ufukweni maji yakiwa yamekupwa, waone lilikotoka. Wabillahi tawfiq.