Korongo la theluji halisubiri mtu

Leo siasa naiweka kando. Kila nikimwambia mtu kwamba nimepanda korongo la theluji, swali ni lile lile: kwa nini mwanzoni mwa Juni, na kwa nini usiku?

Mlima wenyewe unaitwa Torreys, mita zipatazo 4,350, mwendo wa saa moja na ushee kwa gari magharibi ya Denver, Marekani. Ubavu wake wa mashariki umechanwa na korongo liitwalo Dead Dog: mfereji mwembamba kati ya kuta za mwamba, umejaa theluji toka chini hadi juu. Mwinuko unafika nyuzi 45. Ukiinua goti tu, linagusa theluji iliyo mbele yako.

Sasa hilo swali. Wakati wa baridi kali theluji inakaa matabaka matabaka yasiyoshikana, na tabaka la juu linaweza kuporomoka lote likakufukia. Ikifika Mei na Juni, mchana jua linaiyeyusha kidogo, usiku inaganda tena. Siku baada ya siku matabaka yanakuwa kitu kimoja kigumu. Lakini ugumu huo ni wa masaa tu. Dead Dog linatazama mashariki, kwa hiyo jua likichomoza theluji inaanza kulainika, na mawe yaliyoshikiliwa na barafu kwenye kuta yanaanza kung'oka.

Tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu mzoefu wa milima. Tulikubaliana mapema: usiku ukiwa wa mawingu theluji haitaganda vizuri, hatuendi. Buti likizama kupita kifundo cha mguu, tunashuka. Hakuna mjadala.

Usiku ulikuwa wa nyota tupu. Saa nane tukaanza, taa kichwani, meno ya chuma yamefungwa chini ya buti, shoka la barafu mkononi. Wiki moja kabla alikuwa amenizoesha kwenye kilima kidogo namna ya kujizuia ukiteleza: unalala kifudifudi na kukandamiza ncha ya shoka kwa uzito wa kifua. Inabidi iwe papo hapo, maana ukishashika kasi shoka halikusaidii tena.

Saa kumi na mbili kasoro jua likatupata, na theluthi moja ya njia bado. Mara sauti kama ya nyuki mkubwa, jiwe likapita hatua chache kushoto kwetu.

"Kaka, usimame hapo kufanya nini? Pembeni!" akasema.

Tukajibana kwenye ukuta wa mwamba. Nikapiga teke theluji: ncha za mbele tu ndizo zilizoingia. Bado ngumu. Tukapanda tukiambaa na ukuta, bila kuongea, hadi kileleni. Tukashuka kwa njia ya kawaida ya watembea kwa miguu. Tulipokuwa bondeni, korongo lilikuwa linatema mawe.

Wadau, sisi tunalo korongo kubwa kuliko hilo. Ni Diamond Couloir la Mlima Kenya, kati ya Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188). Waliolipanda kwanza, mwaka 1973, ni Phil Snyder na Mkenya Thumbi Mathenge. Mwaka 1975 Yvon Chouinard na Mike Covington wakapita moja kwa moja kwenye ukuta wake wa juu, na sifa zake zikaenea kwa wapanda barafu wa dunia nzima. Leo sehemu kubwa ya barafu ile imeyeyuka.

Tofauti ni hii: theluji ya Dead Dog inaanguka upya kila mwaka. Barafu ya Mlima Kenya ilijengeka kwa miaka mingi mno, ikiondoka ndiyo imeondoka. Jina la Chouinard wapanda milima wengi wanalijua. La Mathenge nimelisikia ukubwani, tena ughaibuni.

Kama kuna mdau anayemfahamu mzee yeyote, mpagazi au kiongozi wa wapandaji, aliyeligusa korongo lile likiwa na barafu yake, naomba aniunganishe naye. Nataka nimsikilize na kuandika, wakati bado yupo wa kusimulia.