Jembe na Fimbo

Juma hili ningependa tutafakari jambo linalovigusa vijiji vya Kilwa na mkoa mzima wa Lindi: ujirani wa mkulima na mfugaji.

Zamani ng'ombe walikuwa wachache huku pwani. Mbung'o waliwazuia, na watu waliishi kwa mihogo, mtama, korosho na samaki. Kisha, mwaka 2006 na 2007, Serikali iliwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu, huko Mbarali, ili kuyanusuru maji ya Mto Ruaha Mkuu. Wengi wao walielekezwa Lindi na Pwani. Walifika wakiwa wamechoka, wengine wamepoteza mifugo njiani, na wenyeji hawakuwa wametayarishwa kuwapokea.

Kundi likiingia katika ufuta usiku mmoja, matumizi ya nyumba ya mwaka mzima yamekwisha. Mfugaji naye akifungiwa njia ya kwenda mtoni wakati wa kiangazi, huona mali yake ikifa mbele ya macho yake. Hapo ndipo panga na fimbo huinuliwa. Mzee mmoja mkulima aliniambia, "Padre, ng'ombe hasomi ramani." Kijana wa kifugaji, siku nyingine, akasema kwamba ramani yenyewe hajaonyeshwa. Naona wote wawili walisema kweli.

Wapashtuni wa mpakani mwa Afghanistan na Pakistan huitisha jirga, baraza la wazee wanaume, damu inapokaribia kumwagika. Sisi tunayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inayoruhusu baraza la usuluhishi la wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Ni hazina. Lakini baraza ambalo mgeni hana sauti ndani yake litapatanisha nani na nani?

Wachungaji wa Abramu na wa Lutu waligombania malisho, na Abramu, ingawa ndiye mkubwa, akamwachia mdogo achague kwanza. Wao waliweza kuachana, kila mmoja akashika njia yake. Sisi hatuna tena nchi tupu ya kukimbilia. Kwa hiyo mipaka na ichorwe kabla ya kiangazi, pande zote zikiwapo, na njia ya maji ionekane wazi kwa kila mtu. Atakayeanza kumwachia mwenzake hatua chache za ardhi hatakuwa ameshindwa.

Nawatakia Dominika njema.