Vienna, Budapest na begi moja mgongoni

Kitambo sijaandika. Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nina hesabu tu, tena hesabu iliyoniaibisha.

Aprili 2025 kazi ilinipeleka Vienna, Austria, kwa mkutano wa siku mbili. Tiketi ya ndege ilikuwa imelipwa, kwa hivyo nikaomba likizo ya siku sita: tatu Vienna, tatu Budapest, Hungaria. Begi mgongoni, kulala hosteli, chumba kimoja watu wanane. Kutoka mji mmoja hadi mwingine ni chini ya saa tatu kwa treni.

Kama mnavyotujua sisi watu wa tarakilishi, kabla ya kufunga begi niliandika skripti ndogo ya kulinganisha gharama. Ada ya viza ya Schengen, yuro 90, sikuiingiza, maana viza moja hutumika nchi zote mbili. Niliingiza kitanda, chakula na usafiri wa mjini. Siku zile yuro 1 ilikuwa kama shilingi 145, au forinti 400 za Hungaria.

Jibu lilikuwa hili, kwa siku moja:

Vienna: kitanda yuro 32, chakula 20, usafiri 6. Jumla 58.
Budapest: kitanda yuro 18, chakula 16, usafiri 5. Jumla 39.

Tofauti ni yuro 19 kwa siku. Kwa siku tatu ni yuro 57, yaani zaidi ya shilingi 8,200. Nikampigia mdogo wangu simu palepale. Alikuwa anaanza kozi ya kompyuta na laptopu yake kuukuu inakwama kila akifungua programu mbili. Nikamwambia, "Hiyo RAM umepata. Budapest itakununulia."

Vienna nilitembea kama mtu anayeogopa kufilisika. Maji nilijaza chupa kwenye bomba za barabarani. Ni maji ya chemchemi za milima ya Alps, na bomba la kwanza kuyaleta mjini lilifunguliwa mwaka 1873. Bustani za kasri la Schönbrunn huingiwi kwa kiingilio, nikashinda huko alasiri nzima. Nikamaliza siku tatu kwa yuro 174, sawasawa na skripti ilivyosema.

Budapest nikalegea. Si mji ni rahisi? Nikaenda bafu za maji moto za Széchenyi, zilizofunguliwa mwaka 1913, nikalipa kama yuro 33. Sijutii, maji yale ni raha. Lakini Vienna kiingilio kama hicho ningekiangalia tu na kupita.

Kisha nikaenda kutoa forinti 40,000 kwenye mashine moja ya ATM mtaani. Ikaniuliza: ukatwe kwa forinti au kwa shilingi za Kenya? Nikafurahi kuona shilingi ugenini, nikabonyeza shilingi. Kosa! Ukichagua pesa ya kwenu, mwenye mashine ndiye anayekupangia kiwango cha kubadilisha. Ukichagua pesa ya nchi uliyopo, kiwango kinatoka kwa mtandao wa kadi yako na benki yako, na mara nyingi ni nafuu. Pesa za shilingi 14,500 zilinigharimu 16,700 pamoja na ada. Shilingi 2,200 zimekwenda, kama yuro 15. Kumbuka tofauti ya kitanda baina ya miji hii ilikuwa yuro 14 kwa usiku. Kitufe kimoja kilimeza usiku mzima na chenji juu.

Piga hesabu nami: 117 jumlisha 33 jumlisha 15 ni 165. Ile tofauti ya yuro 57 imebaki 9. Hata nusu ya RAM hainunui.

Skripti haikukosea kujumlisha. Kosa ni langu: niliipa bei za miji, sikuipa tabia zangu wala gharama ya kuzifikia pesa zangu mwenyewe. Sasa nimeongeza mistari miwili: ada za kutoa na kubadilisha pesa, na kiasi cha "kulegea" kwa kila siku katika mji rahisi.

RAM mdogo wangu aliipata mwezi uliofuata, kutoka kwa mshahara. Aliponishukuru alicheka, akauliza, "Kaka, kwani Budapest ilikataa?"

Nikamwambia haikukataa. Ni mimi niliyebonyeza.