Nyumba Isiyo na Paa

Wenzangu niliosoma nao hapa watamkumbuka mgeni mmoja aliyeletwa ukumbini, nasi tungali vidato vya chini, atuonyeshe maajabu ya hesabu. Alimtaka kila mtu awaze namba, aizidishe kwa 2, aongeze 10, agawanye kwa 2, kisha atoe ile namba aliyoiwaza kwanza. Akatazama dari kidogo, akasema, "Nyote mna 5." Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Lakini hakutuambia kwa nini. Alikwenda zake na siri yake kama mganga na mkoba wake. Wale waliokuwa wakiichukia hesabu waliendelea kuichukia, ila sasa waliiogopa pia.

Basi mwaka huu nilipopata barua ya kuniomba nije Jumamosi jioni kuzungumza na wanafunzi juu ya hesabu za kujifurahisha, niliazimia jambo moja: nisifanye mchezo wowote ambao sababu yake haitaonekana na kila mtu ukumbini kabla ya kwenda kulala.

Mazungumzo ya namna hii si mageni duniani. Huko London, Royal Institution ilianza mihadhara ya Krismasi kwa ajili ya vijana mwaka 1825, lakini ajabu ni kuwa hesabu yenyewe haikupewa nafasi hata ulipofika mwaka 1978, alipoitwa Christopher Zeeman. Karibu nasi zaidi, katika Kongo, mchezo kama huu ulikuwa wa watoto. Emil Torday, Mhungari aliyesafiri katika nchi ya Wakuba mwanzoni mwa karne ya 20, aliwakuta watoto wakichora mchangani kwa kidole, bila kuinua mkono wala kupita mstari mmoja mara mbili. Walimtaka naye ajaribu, wakafurahi sana aliposhindwa. Nami nilianzia hapo hapo.

Niliwaambia wachore mraba, na ndani yake mistari miwili inayokatana kutoka pembe hadi pembe. Hiyo ni nyumba isiyo na paa. Sharti ni lile lile la watoto wa Kongo. Kwa muda wa robo saa ukumbi mzima uliinama juu ya karatasi, na walimu pia, mmoja wao akificha yake kwa mkono. Hakuna aliyeweza. Nikasema haiwezekani.

Hapo kijana mmoja aliyeketi nyuma kabisa akasimama. "Samahani, Mzee. Umejuaje kuwa haiwezekani? Umejaribu njia zote?"

Wenzake wakacheka, na mwalimu aliyekuwa mlangoni akamkazia macho. Lakini mimi nilikuwa nimesafiri kwa basi saa sita ili nisikie swali hilo. Niliambiwa baadaye kuwa kijana huyo yumo kidato cha nne, na amekwisha kuwatangazia wenzake kwamba siku ya kumaliza mtihani atalichoma moto daftari lake la hesabu.

Nikachora nyumba ile kubwa sakafuni kwa chaki, nikamwita aje atembee juu ya mistari.

"Ukifika penye pembe, wafanyaje?"

"Natoka."

"Kwa mstari ule ule?"

"La, kwa mwingine."

Akasimama kimya, akitazama miguu yake. Kisha akasema polepole, "Basi kila nikipita pembe nakula mistari miwili, wa kuingia na wa kutoka. Pembe ikiwa na mitatu, mmoja unabaki hauna mwenzake. Hapo sharti niwe nimeanzia, au nimeishia."

"Na pembe za namna hiyo ni ngapi?"

"Nne. Na mwanzo ni mmoja, na mwisho ni mmoja."

Hapakuwa na makofi. Palikuwa na ukimya, kisha sauti za watu wakielezana.

Nikaiezeka nyumba, yaani nikaongeza mistari miwili ya paa. Sasa mistari ni 8, kazi imezidi, na hata hivyo yawezekana! Pembe za juu zimepata mistari minne minne, na zenye witiri zimebaki mbili tu za chini. Ukianza katika moja utamalizia katika nyingine. Msomaji achukue kalamu ajaribu, kisha ajaribu kuanzia juu aone.

Ndipo nilipowaeleza habari za mji wa Königsberg, ambao leo ni Kaliningrad katika Urusi. Mto uliugawanya mji ule sehemu nne, nayo madaraja yalikuwa 7: sehemu moja, ambayo ni kisiwa, iliguswa na madaraja 5, na nyingine tatu ziliguswa na 3 kila moja. Je, mtu aweza kutembea akayavuka yote, kila moja mara moja tu? Leonhard Euler alipeleka jibu lake mbele ya wataalamu wa St. Petersburg mwaka 1735, na sababu yake ni ile aliyoitoa kijana wetu juu ya sakafu: sehemu zote nne ni witiri. Nilikuwa nimeandaa pia hesabu ya siku za kuzaliwa, maana watu 23 tu wakikutana, yaelekea zaidi kuwa wawili wao wamezaliwa tarehe moja kuliko kutokuwapo; hiyo sikuifikia, wala sikusikitika.

Asubuhi yake, nikiwa tayari kituoni, yule kijana alikuja mbio na karatasi. Amechora madaraja saba. "Mzee, wakijenga daraja la nane, walijenge wapi ili matembezi yawezekane? Na mtu akitaka kurudi pale pale alipoanza, yataongezwa mangapi?" Dereva alikuwa akipiga honi. Nilimwambia majibu yote mawili ayatie katika toleo lijalo la gazeti hili, na kwamba lile la kwanza litamshangaza.