Jina la Frere



Mjukuu wangu, ninayeishi naye hapa Albert Park, aliniomba tubadilishe jina lake la ukoo, tuchukue la Kiingereza, maana shuleni hulikosea kulitamka. Sikumkemea. Nilimsimulia habari za Frere.

Sir Bartle Frere alitumwa na Waingereza kwa Seyyid Barghash mwaka 1873, na mwaka ule ule soko la watumwa la Unguja likafungwa. Mombasa, walioachwa huru walipewa makazi yakaitwa Frere Town. Jina hilo lingalipo hata leo. Lakini ni Frere huyo huyo aliyewaletea Wazulu vita mwaka 1879.

Wengine waliokombolewa baharini waliletwa hapa Durban kuanzia 1873, wakaitwa Wazanzibari, ingawa wengi wao walikuwa Wamakua. Walipoteza kwao, dini na lugha hawakuziacha.

Mjukuu akaniuliza: "Basi babu, wale wa Frere Town mama zao waliwaita nani?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake aliliandika jina letu ubaoni, akawafundisha wenzake kulitamka, silabi kwa silabi.