Suva, mji ambao nguo hazikauki

Siku ya tatu mjini Suva, nguo zangu bado zilikuwa mbichi kwenye kamba. Mama mwenye nyumba alicheka: "Binti, Februari hapa tunaanua kuliko tunavyoanika."

Nilikuwa nimetua Nadi, magharibi mwa Viti Levu, kisiwa kikubwa cha Fiji. Huko niliona mashamba ya miwa na vilima vya nyasi. Basi likazunguka pwani kuelekea mashariki, na tulivyokaribia Suva kila kitu kikawa kijani kibichi, wingu juu ya wingu. Upepo wa kusini mashariki huja na unyevu wa bahari, hugonga milima ya katikati na kumwaga mvua upande wa Suva, karibu milimita 3,000 kwa mwaka. Aliyezunguka Uluguru ataelewa.

Masika yao ni Novemba hadi Aprili, miezi ya vimbunga pia. Kimbunga Winston cha Februari 2016 kiliua watu 44. Mei hadi Oktoba mvua hupungua na joto hushuka. Mwenye watoto wadogo ningemshauri asafiri wakati huo.

Nilibeba chandarua na dawa za malaria, kumbe Fiji haina malaria. Mbu wa Anofelesi hawapo. Wapo Aedesi, wanaouma mchana na kueneza dengi.

Wiki ya pili mtoto wa mwenyeji wangu, miaka sita, aliamka na homa kali, akilalamika maumivu nyuma ya macho. Haraka nikatoa ibuprofeni. Mama akanishika mkono. "Hiyo hapana. Msimu huu homa ni dengi mpaka daktari aseme siyo."

Niliona haya. Dengi ilipoisumbua Dar es Salaam mwaka 2019 nilikuwa chuoni, na onyo hilo nililisikia mara nyingi: ibuprofeni na aspirini huongeza hatari ya kutoka damu. Tukampa parasetamoli na maji, tukaenda kupima. Ilikuwa dengi.

Siku ya nne homa ikashuka. Mimi nilifurahi, mama hakufurahi. Alijua hatari huja hapo hapo, homa inapopoa. Usiku kucha alimkagua fizi na kumuuliza kama tumbo linauma au anasikia kutapika.

Siku ya sita mtoto aliomba chai na mkate. Mvua ilikuwa imekatika kidogo. Mama akatoka nyuma ya nyumba, akaanza kumwaga maji yaliyotuama kwenye vifuu vya nazi.