Barabara ya Angani

Jioni nisimamapo shambani Ruiru huzitazama eropleni zikielekea Embakasi, nami hukumbuka swali la shangazi yangu wa Thika: "Mwanangu, huko juu kuna barabara?"

Barabara ipo, ila ni ya maneno. Rubani hashuki kwa kupenda kwake. Mwongozaji aliyeko chini humwambia kwa redio ashike upande gani na ashuke mpaka futi ngapi, naye hana budi kuyarudia maneno hayo, ili kosa lijulikane mapema. Futi hizo huhesabiwa tangu usawa wa bahari, si tangu ardhi. Na sisi tu watu wa nchi ya juu. Kilimambogo, tuuonao kutoka Thika, wapata futi 7,000, na uwanja wenyewe futi 5,300.

Mwezi wa Septemba 1974 eropleni kubwa ya abiria iliruhusiwa kushuka mpaka futi 7,500. Waendeshaji wakasikia 5,000, yaani chini ya ardhi yenyewe! Walipotoka mawinguni wakaiona nchi i karibu, wakaiinua zikiwa zimesalia futi zipatazo 70.

Kwa ujinga wangu nilimsimulia shangazi habari hiyo siku mwanawe alipokuwa angani akirudi nyumbani. Hakuonja chakula mpaka tulipopata habari kwamba amefika.